Tepu ya Buluu

Kibao changu nimekiandika kwa mkono: FUNDI UMEME WA MAGARI,
Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
mkabala na duka la vitenge lililofungwa.
Nafunga redio, ving'ora, taa za ukungu,
na kile kijisanduku, kidogo kama kiberiti,
kinachomwambia mwenye gari liko wapi
hata asipokuwa ndani yake.

Magari ya siku hizi hayanihitaji sana.
Yanashuka bandarini na macho yao tayari.
Moja nilikuwa nalipima, jicho limekaa nyuma ya usukani,
nikapiga miayo, likaniamrisha: Pumzika.
Nikacheka peke yangu. Kisha nikajiuliza
ule mwayo wangu umekwenda kulala wapi.

Sekiete, karani wa stoo ya katani,
alikuja Jumatatu na ufunguo wa akiba.
"Gari la nyumbani," alisema. "Wezi wamezidi."
Kiti cha nyuma kulikuwa na kanga,
madaftari ya darasa la nne yamefungwa kwa mpira,
harufu ya udi.
Mwizi gani huyu, niliwaza,
anayesahihisha hesabu kwa kalamu nyekundu?
Elfu themanini. Sikuwaza tena.

Kwa majaribio nilikiunganisha na simu yangu pia
na sikukitenganisha. Uzembe, nasema.
Nukta nyekundu. Asubuhi Makorora, shuleni.
Adhuhuri Mgandini, sokoni.
Na kila Alhamisi saa kumi, Sahare,
pale barabara inapochoka ikawa mchanga,
dakika arobaini, injini inawaka.
Hakuna nyumba pale. Mikoko tu.
Najua kwa sababu nilikwenda.
Nilikwenda na pikipiki, Mungu anisamehe,
nikamwona kwa mbali:
amevua viatu, miguu juu ya dashibodi,
anakula ubuyu, anatema kokwa dirishani
moja,
moja.
Basi.

Wiki ya sita akaja mwenyewe.
"Fundi, bwana ananiuliza habari za Sahare,
na Sahare sijamtajia mtu. Nitafutie."
Nikajilaza chini ya usukani, najifanya natafuta.
Hakuna kazi ngumu kama kutafuta
kitu ulichokiweka mwenyewe.
Yeye alinishikia tochi.
Mwanga ukaangukia tepu ya buluu,
nilivyoizungusha mara tatu nikaikata kwa jino,
kisha ukateremka, bila haraka,
hadi kwenye kifundo cha mkono wangu
ambako bandali la tepu ileile
nimelivaa kama bangili.

Hakuuliza nani. Aliuliza shilingi ngapi.
Nikamwambia.
"Hata mbuzi wa akika anazidi," alisema.

"Nikitoe?"
"Ukikitoa atajua nimejua. Kiache.
Nyumba ile ina milango saba, fundi,
na hakuna hata mmoja unaofungwa kwa ndani.
Nilikuwa na huu wa gari."
Akanyoosha mkono.
"Lakini simu yako nipe."

Hakuwa na hakika; alikisia.
Siri ya mtungi aijuaye kata,
na kata nilikuwa mimi.
Akafuta kwa kidole gumba, taratibu,
kama mtu anayefuta ubao wakati watoto wameshatoka.
Akanirudishia. Akawasha gari.
Hakusema ataenda wapi.

Leo ni Alhamisi.
Simu iko mezani, haina nukta yoyote.
Nina taa ya kupimia mdomoni, lori la mtu linasubiri relei,
na adhana ya alasiri imekwisha sasa hivi.
Sitaki kujua.

Kokwa moja.
Kokwa ya pili.